MTOTO ANAPOTOLEWA KWAO USIKU



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake amekwisha kufa, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, na babu alipofariki akahamia kwa ami yake Abu Talib. Amma baad.

Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo aghalabu hatulisikii mimbarini, ingawa linabisha hodi katika mitaa yetu kila siku. Nalo ni jambo la mtoto anayelazimika kuondolewa nyumbani kwao kwa ghafla, pengine usiku wa manane, kwa sababu kubaki kwake pale ni hatari kwa roho yake au kwa mwili wake. Pengine amepigwa mpaka akavunjwa mkono. Pengine ameingiliwa na mtu ambaye ilimpasa awe ngao yake. Pengine mama amekufa hospitali na baba hajulikani alipo, au mtoto ameokotwa sokoni hajui kusema anatoka wapi. Hapo serikali humchukua katika hifadhi yake. Lakini akishachukuliwa, alale wapi usiku ule? Serikali ina sheria, ina maafisa na ina mihuri, lakini haina mkeka wa kumtandikia mtoto wala mkono wa kumpapasa anapoota ndoto mbaya. Vitu hivyo vimo majumbani mwetu.

Kwanza yapasa tuondoe kosa moja ambalo limeenea. Wengi wetu tukisikia habari za mtoto asiye na pa kukaa, moja kwa moja hufikiri ni yatima. Kwa wanazuoni wetu wa fikihi, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mtoto tunayemzungumzia leo, mara nyingi si yatima hata kidogo. Baba yake yu hai, mama yake yu hai, pengine nyumba yao ina bati na umeme. Alichopungukiwa ni amani ndani ya nyumba hiyo. Kwa hivyo huruma yetu kwa mayatima, ambayo alhamdulillahi haijafa, humpita mtoto huyu kando. Watu husema, "Huyu ana wazee wake, tusijiingize." Ndipo mtoto akawa hana mtetezi, kwani wazee wake ndio haohao wanaomdhuru.

Tena kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kudhani kuwa umasikini ni sababu ya kumtoa mtoto kwao. Umasikini peke yake si sababu. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipopitisha miongozo yake juu ya malezi mbadala ya watoto, ulitamka wazi kwamba ufukara wa wazazi, pasipo jambo jingine, usiwe hoja ya kumtenga mtoto na familia yake, bali uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa. Nasi tuna Zaka na tuna sadaka. Mama mjane anayewalaza wanawe na njaa haletewi afisa wa kuwachukua watoto. Anapelekewa unga, mchele na mtaji wa kuuzia maandazi. Kumtoa mtoto kwao ni dawa kali, na dawa kali hapewi asiyekuwa na ugonjwa wake.

Sasa na turejee kwa wema waliotutangulia, tuone walifanyaje.

Katika mwaka wa saba wa Hijra, Mtume (S.A.W.) na masahaba zake walikwenda Makka kwa ile Umra inayojulikana kwa jina la Umra ya Kadhaa. Walikaa siku tatu kama walivyokubaliana na Makureshi, kisha wakafunga safari ya kurudi Madina. Walipokuwa wanatoka, binti mdogo akawafuata mbio huku akimwita Mtume ami yake. Alikuwa binti wa Sayyidna Hamza (R.A.), aliyeuawa shahidi katika vita vya Uhud miaka minne kabla yake. Sayyidna Ali hakungoja baraza wala hakungoja barua. Alimshika mkono akamkabidhi kwa Bibi Fatma. Baada ya hapo ndipo likazuka shauri la nani atakaa naye.

Watu watatu walimtaka. Ali alisema kuwa yeye ndiye aliyemchukua, na tena ni binti wa ami yake. Jaafar bin Abi Talib naye alisema ni binti wa ami yake, na khalati wa mtoto, yaani ndugu wa mama yake, ni mke wake. Zayd bin Haritha akasema ni binti wa ndugu yake, kwani Mtume alikuwa amewaunganisha yeye na Hamza kwa udugu. Mtume (S.A.W.) akahukumu mtoto akae kwa khalati yake, nyumbani kwa Jaafar, akaeleza kuwa khalati yuko katika daraja ya mama. Kisha, nasi twaomba msikilizaji alizingatie hili, akawageukia wale watatu mmoja mmoja akawaambia maneno ya kuwatukuza, hata hao wawili waliokosa hukumu wasiondoke na kinyongo.

Ndugu zetu, katika kisa hiki kimoja mmefungwa karibu mambo yote ambayo maafisa wa ustawi wa jamii hufundishwa leo. Mtoto aliye hatarini huchukuliwa kwanza, na mashauri hufuata. Jamaa hutafutwa kabla ya mgeni. Miongoni mwa jamaa hachaguliwi mwenye hoja ndefu wala mwenye cheo, bali huchaguliwa nyumba ambayo moyo wa mtoto utatulia. Na wale waliojitolea wasipochaguliwa hawatupwi, kwa kuwa kesho huenda wakahitajika.

Kisa cha pili ni cha zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), nacho kimepokewa na Imam Malik katika Muwatta. Mtu mmoja wa kabila la Banu Sulaym, jina lake Sunayn Abu Jamila, aliokota mtoto mchanga aliyetupwa. Akamchukua akampeleka kwa Umar. Je, Umar alimshukuru hapo hapo? La. Kwanza alimtilia shaka. Alimuuliza ni jambo gani lililomfanya akamchukue kiumbe huyu. Yule bwana akajibu kuwa alimkuta anapotea ndipo akamwokota. Msimamizi wa watu wake akatoa ushahidi kuwa huyu ni mtu mwema. Umar akarudia kuuliza, "Ndivyo hivyo?" Alipojibiwa kuwa ndivyo, akamruhusu aende naye, akatamka kuwa mtoto ni muungwana, si mtumwa, na kwamba matumizi yake yatatoka kwa serikali.

Tazameni jinsi Khalifa alivyokuwa mkali kabla ya kuwa mpole. Wapo kati yetu wanaochukia kuulizwa. Mtu husema, "Mimi nataka kufanya kheri, vipi nachunguzwa kama mwizi?" Tunamjibu kuwa Umar alimchunguza Abu Jamila, na Abu Jamila alikuwa mtu mwema. Anayechunguzwa kabla ya kukabidhiwa mtoto havunjiwi heshima yake. Mtoto ndiye anayelindwa, kwani si kila anayenyoosha mkono kumpokea mtoto ana nia safi. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamelishikilia jambo hili. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba kumwokota mtoto aliyetupwa ni faradhi ya kutoshelezana, yaani wakiacha wote, wote wamepata dhambi. Na kwamba kwa kauli iliyo sahihi zaidi ni wajibu kuweka mashahidi wakati wa kumwokota. Kwa nini mashahidi? Ili asije mtu baadaye akadai kuwa mtoto ni mtumwa wake, au mali aliyokutwa nayo ni yake, au akaificha nasaba yake. Karatasi anayoijaza leo afisa wa ustawi wa jamii, ikatiwa saini na mlezi, na sheha akashuhudia, ni dada wa ushahidi huo.

Sasa tuje kwenye taratibu za nchi yetu. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, na Zanzibar ina Sheria ya Watoto Namba 6 ya mwaka 2011. Zote mbili zimeweka Mahakama ya Watoto, na zote mbili zimefanya maslahi ya mtoto kuwa ndiyo mizani. Sheria ya Bara imemwajibisha kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa akatoe habari kwa mamlaka ya mahali pake. Hilo si la hiari. Ndugu zetu wa Kenya nao wana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na ndani yake imeingizwa kafala kwa jina lake hasa. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 20, umeitaja kafala ya sheria ya Kiislamu miongoni mwa njia za kumtunza mtoto aliyekosa familia. Wengi wetu hatukuwa na habari kwamba neno letu limekaa humo miaka yote hii.

Mambo huendaje basi? Habari ikishatolewa, iwe kwa sheha, kwa mtendaji wa mtaa, kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu namba 116 ambayo haitozwi malipo, Bara, Visiwani na hata Kenya, afisa wa ustawi wa jamii hufika kumwona mtoto. Akiona kuwa hatari ipo na haiwezi kungoja, humwondoa mtoto, kisha shauri hupelekwa mahakamani ili hakimu ndiye aseme mtoto akae wapi na kwa muda gani. Usiku ule wa kwanza, afisa hutazama kama yupo jamaa wa karibu aliye salama: bibi, khalati, shangazi, kaka mkubwa aliyeoa. Lakini hutokea kuwa jamaa wote wanakaa ua mmoja na mshitakiwa, au wameshaanza kumlaumu mtoto kwa kuitia familia aibu. Hapo ndipo inapohitajika ile inayoitwa familia ya kuaminika.

Familia ya kuaminika ni nyumba ambayo imekwisha kutazamwa mapema. Afisa ameingia, ameona pa kulala, ameuliza majirani, amezungumza na mume, mke na watoto wa nyumba ile, na amewafunza. Majina yao yamo katika daftari. Simu ikilia saa saba za usiku, afisa haanzi kutafuta nyumba gizani; anafungua daftari. Mtoto hukaa pale siku chache, pengine wiki kadhaa, mpaka mahakama iamue au jamaa apatikane. Mahali ambapo daftari hilo ni tupu, mtoto hulala juu ya benchi la kituo cha polisi, au hulazwa wodini bila kuwa mgonjwa, au hupelekwa moja kwa moja kwenye makao ya watoto akakaa huko miaka.

Hatusemi neno baya juu ya makao ya watoto. Yamewafaa wengi, na wanaoyahudumia ni watu wa kushukuriwa. Lakini makao yawe kimbilio la mwisho, khasa kwa watoto wachanga. Miongozo ile ya mwaka 2009 imesisitiza kuwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu alelewe ndani ya familia. Haya si maneno ya hisia tu. Mjini Bucharest, nchini Romania, wataalamu Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza tangu mwaka 2000 kufuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao ya serikali. Nusu yao walipelekwa kwa kura katika familia za walezi, wengine wakaendelea na utunzaji wa kawaida wa wakati ule. Waliopelekwa kwenye familia walipata nafuu iliyoonekana katika akili, katika usemaji na katika kushikamana na watu, na waliohamishwa mapema, kabla ya kutimia takriban miaka miwili, ndio waliofaidika zaidi. Mtoto mchanga hahitaji wahudumu kumi wa zamu. Anahitaji uso mmoja ambao asubuhi ataukuta palepale alipouacha jana. Kenya nayo, kwa mkakati wake wa mwaka 2022 hadi 2032, imeazimia kuwarudisha watoto kutoka kwenye taasisi kwenda katika malezi ya familia.

Tuseme sasa mtoto amefika mlangoni kwako. Ni saa nane za usiku, afisa amemshika mkono, na mtoto hakutazami. Ufanye nini?

Usimhoji. Huu ndio ugonjwa wetu mkubwa, tunapenda kujua. Mama mwenye nyumba atauliza, shangazi aliyekuja kutembea atauliza, asubuhi jirani ataingia kuazima kinu naye atauliza. Kila mtoto anapolazimishwa kusimulia ndipo jeraha linapofunguliwa upya, na kila wasikilizaji wanapozidi ndipo ushahidi wake mahakamani unapoharibika, kwa sababu atasemwa kuwa amefunzwa maneno. Akisema mwenyewe, msikilize, mwambie kuwa hana kosa, kisha yale aliyoyasema mpelekee afisa kama yalivyo, usiyapambe.

Ikiwa inadhaniwa kuwa mtoto ameingiliwa, asioshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajaonwa na daktari. Tunajua kuwa kwa Mwislamu jambo la kwanza linalomjia ni tohara, lakini tohara hapa itangoja, kwani maji yale yatamwosha mhalifu pia. Apelekwe hospitali mara moja, na penye kituo cha Mkono kwa Mkono apelekwe huko, ambako daktari, polisi na mshauri hukutana mahali pamoja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya kupita saa 72, na kila saa inayotangulia ni faida.

Baada ya hayo, mambo ya mtoto huwa madogo madogo. Mwonyeshe choo kilipo. Mwachie taa. Usimlazimishe kula, lakini chakula kiwepo karibu yake. Kama amekuja na kitambaa kichafu amekikumbatia, usikitupe, hata kikikukera. Kama wamekuja ndugu wawili au watatu, walale chumba kimoja. Afisa akitaka kuwagawa kwa sababu nafasi ni ndogo, mwambie kuwa mkeka unatosha. Akilowesha kitanda, nawe badilisha shuka bila ya kusema neno. Na jina lake ni hilo alilokuja nalo. Kama ni Yohana, muite Yohana. Mtoto wa dini nyingine akiletwa nyumbani kwako kwa dharura, umekabidhiwa usalama wake, hukukabidhiwa ruhusa ya kumbadilisha, kama ambavyo wewe usingependa mwanao aliyelazwa nyumba ya jirani asiye Mwislamu arudi na jina jipya.

Hapa yatubidi tuseme jambo zito zaidi, nalo ni muhali.

Muhali ni kule kuona haya kumkabili mtu kwa ajili ya udugu, ujirani au fadhila zake. Ni tabia nzuri katika mambo ya kukopesheana sukari. Katika mambo ya mtoto aliyedhuriwa ni maangamizi. Nasi hatuzungumzi kama watu waliosimama mbali. Miaka mingi iliyopita, katika mtaa mmoja tulioukaa, jirani mmoja alikuja kwetu baada ya sala ya alfajiri kutueleza kuwa mtoto wa nyumba ya pili analia usiku kilio ambacho si cha kawaida. Tulifanya nini? Tuliita wazee, tukaenda kwa mwenye nyumba, tukanywa kahawa yake. Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Alituapia, tukamwamini, tukasoma Fatiha, tukarudi majumbani mwetu tukijipongeza kuwa tumelinda sitara ya Mwislamu mwenzetu. Mtoto alikuwapo pale mlangoni amesimama, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu wala kumtoa nje ya nyumba ile. Ilipita takriban mwaka ndipo mwalimu wake wa skuli alipofanya yale ambayo sisi tulipaswa kuyafanya. Sitara tuliyoilinda ilikuwa ya nani? Suala hilo tumelibeba mpaka leo.

Suluhu ni jambo tukufu baina ya wagomvi wawili wenye nguvu sawa. Mtoto hana nguvu ya kusuluhishwa. Mzee wa mtaa, imamu au sheha anayepokea habari ya aina hii asiigeuze kuwa shauri la baraza, na wala asiwapige watu faini ya mbuzi wakamaliza. Kazi yake ni moja: kuifikisha habari kwa wenye mamlaka siku hiyo hiyo, na kuhakikisha kuwa mtoto halali tena chini ya paa lile kabla ya kuonwa.

Tumeulizwa mara nyingi juu ya nasaba na mahramu, basi tueleze kwa ufupi. Katika Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5, Mwenyezi Mungu amekataza mtoto wa kulea kufanywa kuwa ni wa kuzaliwa, na ameamrisha waitwe kwa baba zao. Zayd bin Haritha, yuleyule tuliyemtaja katika kisa cha binti wa Hamza, alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad mpaka zilipoteremka aya hizo, akarejea kwenye jina la baba yake. Na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Kafala ndiyo hiyo: unalisha, unavisha, unasomesha, unapenda, na nasaba unaiacha mahali pake. Mtoto hakurithi, lakini unaweza kumuusia katika thuluthi ya mali yako. Kwa malezi ya dharura ambayo ni ya siku chache, hata masuala haya ya mirathi hayaji kabisa.

Ama mahramu, mtoto mdogo hana tatizo. Aliyekaribia kubaleghe apewe chumba au kona yake, na nyumba ichunge adabu ya mavazi kama inavyochunga anapokuja binamu kutoka shamba. Mtoto mchanga aliye chini ya miaka miwili, akinyonyeshwa na mke wa nyumba mara tano zilizo mbalimbali, kwa madhehebu yetu huwa mtoto wao wa kunyonya, na mlango wa mahramu ukafunguka. Lakini asinyonyeshwe kabla ya mama na mtoto kupimwa na daktari na afisa kuarifiwa. Tunasema kwa uwazi kwamba baadhi ya watu wameifanya hoja ya mahramu kuwa pazia la kujifichia. Nyumba hizo hizo zina watumishi wa ndani, na hatujasikia wakiuliza masuala haya.

Juu ya gharama, Umar alikwisha tufundisha kuwa ni juu ya serikali, na ni haki ya mlezi kuidai. Panapochelewa fungu, jamaa wa msikiti wasimwachie mlezi peke yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, msimamizi tajiri ameamrishwa ajizuilie na mali ya yatima, na aliye fakiri ameruhusiwa kutumia kwa kadiri ya ada. Na aya ya 10 ina onyo ambalo hakuna anayelisikia akalala usingizi. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya mtoto iandikwe: maziwa kiasi gani, viatu kiasi gani, nauli ya mahakamani kiasi gani.

Siku ngumu kwa mlezi si ile ya kwanza. Ni siku afisa anapokuja kusema kuwa bibi wa mtoto amepatikana Pemba, ametazamwa, nyumba yake ni njema, na mtoto ataondoka Jumatatu. Mtoto ameshajua jina la paka wenu. Ameshaanza kucheka. Katika Suratul Qasas tumeelezwa kuwa Nabii Musa, baada ya kuokotwa mtoni na kuingizwa katika jumba la Firauni, alirudishwa kwa mama yake ili jicho lake litulie. Na nyumba iliyompokea iliendelea kuwa ni nyumba aliyokulia. Kwa hivyo usimwambie mtoto tangu mwanzo kuwa hapa ni kwenu milele, wala usimfiche kuwa anaondoka. Mwambie siku, mwambie atakwenda na nani, na mwombe afisa ruhusa ya kumpigia simu baadaye.

Na siku hiyo ya kuondoka, mkabidhi afisa kadi ya chanjo, dawa na maelezo ya saa za kuzinywa, madaftari ya skuli, ile daftari ya matumizi, na karatasi moja uliyoiandika kwa mkono wako: kwamba hulala na taa, hali samaki wa mwiba, huogopa mlango ukifungwa kwa kishindo, hutulia akisimuliwa hadithi. Nguo zake zipige pasi uzitie katika mkoba, wala usimpe mfuko wa taka. Kile kitambaa chake kichafu alichokuja nacho kiweke juu kabisa, akione mara tu anapofungua.

Wabillahi tawfiq.